Namna ya kuchagua magemu ya konsoli ya mukononi, na namna ya kuyaongelea na benzako

Mutu wa huku Bukavu akipata konsoli ya mukononi, iwe PSP ya Sony ya okazyo (yenye ilitumiwa tayari), iwe Switch ya Nintendo yenye shangazi alituma toka Ubelgiji, swali ya kwanza anaulizaka ni ile ile: "Bandugu, munipe gemu kali." Kiisha pale ni fujo. Uyu anataja Zelda, ule anataja GTA, mwengine anasema mupira tu basi, anaingia na mukubwa moja mwenye kusema magemu ya zamani njo ilikuwaka magemu, na mwenye kuuliza anabakia na majina kibao na hajue achukue gani. Benye kujibu habakukosea, ni swali njo haikuwa na kichwa wala miguu. Kali ku nani? Ku masini gani? Na umeme ya wapi? Juu gemu yenye inafurahisha mutu wa Paris mwenye umeme usiku na muchana na intaneti ya kumwaga, inaweza kuwa kilio ku mutu wa Panzi ao wa Kadutu, mitaa ya hapa kwetu, na gemu yenye benye kujidai banadharau inaweza kukuchezesha miezi mizima.

Kwa hiyo miye naangaliaka kitu moja mbele ya zote: ile gemu, na maisha yangu ya hapa, nitaweza kuianza, kuiacha katikati, na kuirudilia? Kama jibu ni hapana, hata ipewe alama 100 juu ya 100 sina kazi nayo.

Masini kwanza

Mbele ya kuuliza gemu, geuza konsoli yako na soma yenye imeandikwa nyuma. Inaonekana kitu ya bure lakini batu mingi banasemaka "niko na Nintendo" kama vile Nintendo ni masini moja. DS ilitoka 2004, 3DS 2011, Switch 2017, Switch Lite 2019, Switch ya ekrani OLED 2021, Switch 2 mwezi wa 6 ya 2025. Kasete ya DS inaingia mu 3DS, kasete ya Switch inaingia mu Switch 2, lakini kurudi nyuma hapana, kasete ya 3DS haiwezi kuchezwa mu DS hata ufanye nini.

Zile tukonsoli tudogo twenye kuandikwa 400 ku ekrani, twenye banauzaka mu masoko yote, sitaongea mingi juu pale hakuna kuchagua, magemu iko ndani tayari, ni ya aina ya Famicom ya Nintendo ya miaka ya 80, na mingi ni gemu moja tu yenye kubadilishiwa jina na rangi. Ku mutoto wa miaka 6 ni furaha kabisa, na batri yake mara mingi ni ile BL-5C ya ma-Nokia ya zamani, ikikufa unapata ingine kwa mutengenezaji wa telefone. Kuko tena ma-Anbernic na ma-Miyoo yenye kuchezesha magemu ya masini za zamani kupitia kadi ya memori, ile iko muzuri, lakini kadi yenye inakujaka ndani mara mingi ni ya bei ya chini sana na inakufaka bila kuaga, kwa hiyo kopia kila kitu ku kadi ya maana siku ile ile ya kwanza.

PSP, ku macho yangu, bado njo okazyo ya maana ku mutu mwenye falanga kidogo. Inasoma tudiski tudogo banaita UMD, haina kufungiwa inchi, diski ya Japoni inachezwa mu PSP ya Ulaya bila shida. Uangalie tu mambo mbili: PSP Go ya 2009 haina fasi ya diski, na ile E1000 ya 2011 haina wifi, maana yake hauwezi kucheza na mwenzako mwenye iko na PSP yake. Muuzaji hatakuambia hii, pengine na ye hajui.

Na kama uko na Steam Deck, konsoli ya kampuni Valve, weye uko mutajiri, lakini hata weye soma alama yenye Valve inaweka ku kila gemu, kuko yenye imehakikishwa kwa Deck, kuko yenye inachezeka na mateso kidogo, na kuko yenye haichezeki.

Umeme njo inachagua

Maji ya muto Ruzizi, yenye inatoaka umeme, inapita pale chini na bado delestaji (kukatwa umeme) ni yetu, tutafanya nini. Batu ba inchi zingine banaongelea ekrani na rangi, siye tuongee batri.

Switch ya kwanza ya 2017, Nintendo yenyewe inasema batri yake inakamata masaa 2 na nusu paka 6 na nusu, kufatana na gemu. Mu 2019 balitengeneza ingine, sura ile ile lakini batri inaenda masaa 4 na nusu paka 9. Namna ya kuzitofautisha: soma maandishi madogo nyuma ya konsoli, ya zamani iko HAC-001, ya pili iko HAC-001(-01), na namba yake ya seri inaanza na XKW. Ukikuta mbili mbele ya muuzaji na bei ni moja, hakuna hata kufikiri. Lite iko masaa 3 paka 7. Kwa mufano Zelda Breath of the Wild inamaliza Switch ya kwanza mu masaa 3 hivi, ile ya 2019 masaa 5 na nusu hivi, Lite kama 4. Gemu ni moja, lakini ku mutu mwenye anapata umeme usiku katikati tu, ile masaa mbili na nusu ya tofauti njo inaamua kama gemu itakwisha ao haitakwisha.

Kufatana na ile, magemu yanagawanyika. Kuko gemu ya raundi fupi: Tetris, Mario Kart, magemu ya kupigana kama Tekken, mupira. Dakika tano, kumi, imekwisha, batri ikianguka hakuna kilio. Kuko gemu ndefu yenye unaweza kuiacha fasi yote na inahifadhi yenyewe kila mara, ile pia iko sawa. Yenye kutesa ni ile gemu ndefu, mingi ya zamani, yenye inataka utembee paka ku fasi fulani mbele ya kuhifadhi. Unapigana lisaa nzima, nyumba inaingia giza, batri ilikuwa ku nyekundu, basi, yote imepotea. Mbele ya kununua uliza hii swali, karibu hakuna mutu anaiulizaka: "Inahifadhi wapi?"

Kulalisha konsoli inasaidia. Ku Switch unabonyeza kitufe cha juu mara moja inalala, ukirudi uko pale pale. Ku PSP unasukuma ile swichi ya pembeni na kuachilia, usiishikilie juu hapo unaizima kabisa. Lakini kulalisha haiko kuhifadhi, batri ikikwisha kabisa wakati imelala, kila kitu chenye haukuhifadhi kimekwenda. Hifadhi kwanza, lalisha nyuma.

Kuchaji: Switch iko na USB-C, pawabanki ya kawaida inaisaidia hata kama inaenda polepole ukiwa unacheza. PSP 2000 na 3000 zinaweza kuchaji kupitia waya ya USB kama umeruhusu mu mipangilio, PSP 1000 hapana, ile inataka chaja yake ya volti 5. Na kama uko na konsoli ya bei, tafuta kifaa cha kulinda umeme, juu umeme ikirudi na nguvu inaweza kuunguza chaja.

Mega (data ya intaneti), na kasete yenye haijae

Hapa njo batu banalialiaka. Wanafikiri kununua boksi ni kununua gemu nzima. Hapana tena. Ku boksi mingi za Switch kuko mustari juu ya kifuniko wenye kusema lazima ushushe kitu ku intaneti, na ukiisha kuingiza kasete inakuomba gigabaiti juu ya gigabaiti. NBA 2K18 ilikuwa vile, na kasete yake mukononi bado ulihitaji kadi ya memori na kushusha. Ku Switch 2 imekuwa mbaya zaidi, kuko kasete zenye hazina gemu ndani hata kidogo, ni ufunguo tu, gemu yote inatoka ku intaneti, na boksi inaandika chini kwa mbele kwamba ni kasete ya ufunguo. Kwa mutu mwenye ananunua mega ya siku na siku, ile ni mbuzi kwenye gunia. Soma boksi yote, chini, juu, nyuma, hata kama muuzaji anakuangalia vibaya.

Kama unanunua ku duka la intaneti la konsoli, ukurasa wa kila gemu unaonyesha uzito wake mbele ya kulipa. Angalia ile namba mbele ya kuangalia picha. Switch ya kawaida iko na memori ya GB 32, OLED GB 64, Switch 2 GB 256. Zelda Tears of the Kingdom peke yake ni GB 16 hivi. Stardew Valley, ile gemu ya kulima yenye Eric Barone alitengeneza peke yake ikatoka 2016, ni nyepesi sana, na nimeona batu ba Nyawera banaicheza mwaka mzima. Antuka, falanga kidogo na mega kidogo, magemu madogo ya watengenezaji wadogo njo inafaa, siyo juu ni maskini, ni juu inakaa.

Kadi ya memori pia: kadi yenye kuandikwa GB 512 na bei ya kucheka, usicheke, ni ya bongo (ya uongo). Iingize mu kompyuta, weka programu H2testw, iache ijaze kadi yote, itakuambia ukweli. Na wenye Switch 2 muangalie, magemu yake inataka kadi ya aina ya microSD Express, ile microSD ya kawaida yenye ulikuwa nayo ku Switch haitabeba gemu.

3DS, kwa upande wake, duka lake ya intaneti ilifungwa tarehe 27 mwezi wa 3 ya 2023, na kucheza ku intaneti iliisha mwezi wa 4 ya 2024. Kwa hiyo mwenye anakuuzia 3DS akisema "utashusha magemu", mwambie asante. Ni kasete tu. Na 3DS imefungiwa inchi, ya Ulaya haisome kasete ya Marekani wala ya Japoni. Kasete za DS za kawaida njo hazina ile shida.

Luga, umri, na mupira

Siye tunasoma Kifaransa, kwa hiyo kasete ya Ulaya mara mingi njo inafaa. Ku PSP, angalia kodi yenye kuandikwa ku diski ao ku ubavu wa boksi: ULES ao UCES ni ya Ulaya, ULUS ao UCUS ya Marekani, ULJM ao ULJS ya Japoni. Ya Japoni itacheza, lakini kama gemu iko na maneno mingi utabakia kubonyeza bila kuelewa. Ku Switch gemu inafatana na luga yenye umeweka mu konsoli, kama ile luga iko mu kasete. Kwa batoto benye habajasoma bado, chukua gemu yenye haina maneno mingi: Mario Kart, LocoRoco, Tetris.

Boksi za Ulaya ziko na namba ya PEGI mu kona: 3, 7, 12, 16, 18. Ile namba haisemi ugumu, inasema yenye iko ndani, matusi, damu, na mengine. God of War na GTA ni 18. Mama akikuuliza "hii inafaa ku mutoto?", muonyeshe ile namba, usianze kumuhadisia.

Mupira, haya. Najua njo wengi banangojea. Ku PSP, FIFA 14 na PES 2014 njo za mwisho kutoka, baada ya pale hakuna, kwa hiyo mwenye anakuuzia "FIFA 23 ya PSP" ni mutu amebadilisha majina ya wachezaji na jezi nyumbani kwake, inaweza kuwa kazi muzuri lakini usilipe kama vile ni mupya. Ku Switch, FIFA 20 paka FIFA 23 EA, kampuni yenye kuzitengeneza, yenyewe iliziita Legacy Edition, maana yake gemu ni ile ile, balibadilisha jezi na wachezaji. FC 24 ya 2023, jina mupya ya FIFA, njo ilikuja na injini mupya. Basi kama falanga ni kidogo, FIFA 19 ya okazyo na FIFA 22 ya bei, uwanjani utasikia tofauti ndogo sana. Na usitafute OC Muungano wala Bukavu Dawa mule ndani, hazimo, tuliisha kuzoea.

Kitu ya mwisho hapa ni nani unacheza naye. Mu nyumba zetu hakuna konsoli ya mutu moja, kuko mudogo, kuko binamu, kuko mutoto wa jirani mwenye hajaalikwa. Switch ya kawaida inatoka na maneti (vishikio vya kuchezea) mbili ndogo zenye kutoka pembeni, batu wawili wanacheza Mario Kart 8 Deluxe bila kuongeza kitu, na ukipata maneti zingine wanafika wane ku ekrani moja. Lite hapana, maneti yake imeshikamana na haiingie mu televizyo. Kama nyumba imejaa, usinunue Lite juu tu ni bei ya chini, utakuwa umenunua vita. DS iko na kitu kizuri sana batu wamesahau: Mario Kart DS ya 2005, kasete moja tu, DS zingine zinaweza kuingia mu mashindano bila kasete yao, paka batu 8, bila intaneti. PSP mbili pia zinaongea zenyewe kwa zenyewe bila intaneti, lakini kwa magemu mingi kila mutu lazima awe na diski yake.

Ukifika mbele ya muuzaji

Iwe ku Kadutu, iwe kwa mutengenezaji wa telefone, iwe kwa mutu mwenye amevuka Ruzizi na bintu toka Kamembe, kule Rwanda: video ya WhatsApp haiko kupima. Iwashe mbele yako. PSP, igeuze kwanza, kama kifuniko ya batri imeinuka ao haifungi sawa, batri imevimba, omba ingine ao punguza bei, na usiichaji vile. Weka diski, sikiliza. Sauti ya kuzunguka ni kawaida, lakini ikipiga tik, tik, tik na ekrani haileti kitu, jicho la kusoma limechoka. Ingia mu gemu, achilia kila kitu, angalia kama mutu wako anatembea peke yake. Akitembea, stiki (kile kidude cha kutembezesha) imekufa.

Switch, ingia mu mipangilio upande wa maneti, kuko fasi ya kupima stiki, pale utaona kama inarudi katikati ao hapana. Mwambie muuzaji atoe akaunti yake mbele yako, na uhakikishe hakuna namba ya siri ya wazazi yenye haujui. Kiisha unganisha na wifi ya telefone yako na ujaribu kufungula duka, juu kuko konsoli zenye zilichezewa ndani na Nintendo ikazifungia intaneti.

Kasete za Game Boy Advance, konsoli ya Nintendo ya mbele ya DS, zaidi Pokémon, za bongo ni mingi. Angalia mule ndani fasi ya kuingizia, juu ya yale meno ya dhahabu: ya kweli iko na jina Nintendo limeandikwa ku ile sahani, na ku karatasi ya mbele kuko namba ndogo zimekandamizwa, unaziona ukiinamisha ku mwangaza. Ya bongo inachezaka siku kidogo, kiisha inasahau yenye ulihifadhi. Lakini Pokémon Ruby ao Sapphire ikikuambia batri ya ndani imekwisha, usikimbie, ile batri ni ya saa tu, yenye umehifadhi inabakia.

Kasete za DS na 3DS zinabeba ndani yenye mwenye wa zamani alihifadhi, kwa hiyo futa mbele ya kuanza, ao angalia kwanza, kuko bengine banauza kasete na Pokémon za maana ndani bila kujua. Za Switch hapana, kila kitu kinabakia mu konsoli.

Kuuliza na kujibu

Sasa turudie ile "munipe gemu kali". Iandike hivi:

"Bandugu salamu. Niko na Switch Lite, kasete tu juu mega hakuna. Nachezaka usiku kama lisaa moja, peke yangu. Nilipenda Stardew Valley juu hakuna mwenye ananikimbiza. Breath of the Wild ilinichokesha juu silaha inavunjika kila mara. Kifaransa kiwemo. Nichukue gani?"

Mistari kidogo tu, na ona kazi yenye inafanya. Mutu wa GTA ananyamaza mwenyewe. Mutu wa mupira anajua haikuhusu. Na zaidi ya yote umetaja gemu moja ulipenda na moja ilikuchosha, na umesema juu ya nini. Ile "juu ya nini" njo benzako wanashikilia ili wakuongoze.

Angalia hii Breath of the Wild. Ku Metacritic, tovuti yenye inakusanya alama za wachambuzi, iko na 97 juu ya 100, na hadithi yake peke yake inachukua masaa 50 hivi. Mutu akisema "ni gemu ya 97, kama haukuipenda weye njo hauna akili", hajaongea kitu. Ile silaha kuvunjika, kuko mwenye inamuudhi paka anatupa konsoli, na kuko mwenye anasema njo inamulazimisha kujaribu bintu mupya kila vita. Wote wawili wamecheza, wote wawili biko sawa, na weye mwenye kusikiliza sasa unajua uko upande gani mbele ya kutoa hata dola moja. Miye niko upande wa kuudhika, lakini naipenda bado, usiniulize.

Kwa hiyo ukijibu, sema mikono inafanya nini. "Unakimbia, unaruka, ukianguka unarudia kidogo nyuma" inasaidia kupita "iko bulongo sana ndugu yangu". Sema ulifika wapi, juu maneno ya mwenye alicheza lisaa moja na ya mwenye alimaliza haziko sawa. Sema ulicheza ku masini gani, gemu moja inaweza kuwa laini ku konsoli ya televizyo na kukwama-kwama ku Switch. Tofautisha "ni ngumu" na "inachosha", ni mambo mbili, kuko batu wanatafuta ngumu. Na kama unaandika juu ya hadithi, onya mbele: "nitaongelea fasi ya katikati, mwenye hajafika asisome." Mwisho usiitaje hata kama gemu iko na miaka 15, kwetu gemu inafika na kuchelewa na mutoto wa leo ndiyo kwanza anafungula God of War: Ghost of Sparta ya PSP.

Ugomvi wa Nintendo na PlayStation, achia batoto ba sekondari, ni michezo yao ile. Lakini kuko ugomvi moja ya maana: mutu akisema bei fulani ni ya haki na mwengine anasema ni wizi. Pale muulize kila mutu alinunua lini, wapi, na ilikuja na nini ndani. Boksi? Chaja? Kadi? Bila ile, bei ni hewa tu. Na tafadhali, audio ya dakika sita kueleza gemu, hapana, bengine hatuna mega za kukusikiliza ukikohoa, andika.

Ukisaidiwa, rudi useme ilienda namna gani. Batu wanachoka kujibu juu wanaomba wanapotea. "Nilichukua ile mulisema, batri ilikamata masaa matatu, Kifaransa kimo, mudogo wangu ameninyanganya" inatosha, na mwenye ataomba kesho mwenye masini kama yako amepata jibu tayari.

Na juu ya kuazimana, maana huku njo namna wengi tunacheza magemu mingi kupita falanga zetu: pimeni pamoja mbele ya kutoka, kasete isome ku masini ya mwenyewe na kiisha ku ya mwenye kuazima, mupige picha ya ile kodi ndogo yenye iko ku kasete, na museme siku ya kurudisha, hapana "nitakuletea". Boksi ibakie kwa mwenyewe. Kama ni ya DS, mwambie asifute yenye umehifadhi, kuko magemu yenye iko na fasi moja tu ya kuhifadhi, na Pokémon ni moja yao. Kama ni ya Switch hakuna ile shida, yake itabakia mu konsoli yake, akirudisha leo anaweza kuazima tena mwezi ujao na aendelee pale aliachia.